Mkuu, hiyo samadi mbichi ya kuku usiitie kwenye karoti!

Umeandika eti Jumamosi unasafisha banda, umwage viroba 20 kwenye matuta, halafu wiki ijayo upande karoti na bitiruti. Weka chepe chini kwanza.

Mimi nilifanya hivyohivyo Lushoto, robo eka. Aliyeniponza ni jamaa muuza samadi aliyejiita mtaalamu, kumbe utaalamu wake ni kuhesabu viroba. "Ikiwa bado ya moto ndiyo yenye nguvu," akaniambia, nami nikalipa hadi nauli ya pikapu. Nikachanganya na udongo, siku ya tatu nikapanda.

Miche ikaota kwa mapengo, mingine ikanyauka kama imemwagiwa maji ya chai. Iliyopona ikatoa majani hadi magotini. Nikaanza kuhesabu magunia kichwani. Siku ya 90 nang'oa ya kwanza: ina miguu miwili. Ya pili, mitatu. Na vinyweleo mwili mzima! Karoti zimevaa suruali na kufuga ndevu, bado kidogo ziende sokoni zenyewe. Mama mmoja mnunuzi aliichukua, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Hii naanza kuimenyea wapi, mwanangu?" Shamba zima likaliwa na ng'ombe. Yeye hakulalamika.

Samadi mbichi ina naitrojeni nyingi, kirutubisho cha majani, kwa hiyo mmea unanenepa juu. Chini, amonia, ile gesi kali inayotoka kwenye samadi, inaunguza ncha ya mzizi mkuu; ncha ikifa, mzizi unachipua matawi. Tena karoti watu wanatafuna mbichi, na kinyesi cha kuku kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha.

Karoti hula makombo, mkuu. Samadi mpe kabichi, msimu unaofuata karoti ije ile kilichobaki. Ukishindwa kusubiri, lundika na majani makavu, nyunyizia maji, geuza kila wiki mbili, kwa miezi mitatu hivi. Kisha chomeka kijiti katikati ya lundo, kiache dakika 10, kichomoe ukishike. Kina joto? Rudi nyumbani. Kimepoa na kinanukia udongo uliopigwa na mvua? Chekecha mabonge, tia kwenye tuta. Akikuambia mtu "kidogo tu haina neno", muulize kama anauza viroba.

Viroba vya Jumamosi peleka kwenye migomba, mbali kidogo na shina.