Usimlipe fundi wa tailzi kwa kuangalia kung'aa

Dada, umeuliza kama umlipe fundi salio lote leo kwa kuwa bafu lako la Kasarani limeng'aa. Subiri kwanza. Kung'aa kumetoka kiwandani. Kazi ya fundi iko chini ya tailzi.

Kagua kesho, gundi ikishashika na grauti, ule udongo wa saruji wa kujaza mianya kati ya tailzi, haijajazwa. Chukua sarafu ya shilingi 20, gonga kila tailzi katikati na pembe zote nne. Ikilia kama debe tupu, gundi haikuenea. Wengi huweka madonge matano tu ili kubana matumizi, kisha kitu kizito kikiangukia mahali pasipo na gundi, tailzi inaweza kupasuka. Mwambie aing'oe sasa, maana grauti ikiingia, kung'oa moja huweza kuharibu na jirani zake.

Grauti ikikauka, mwaga ndoo ya maji. Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dimbwi likibaki, sehemu hiyo irudiwe. Asikudanganye ati litakauka lenyewe. Ukutani tumia pima maji kuona kama tailzi zimenyooka.

Mstari uliopinda kidogo nyuma ya mlango, msamehe. Ila bakisha asilimia 10 ya malipo kwa wiki mbili za kuoga, na mkubaliane hivyo kabla hajaondoka.