Mpige mwenyeji kwanza: kwa wanaoanza kupiga picha za ndege na wanyama wa uani

Kila anayeanza huuliza habari za lenzi. Ya milimita ngapi, kampuni gani, mpya au ya mtumba. Mimi humrudishia swali: saa moja asubuhi, ni ndege gani anayetua wa kwanza nyumbani kwako, na hutua kwenye tawi lipi? Asiyejua jibu, hata umpe lenzi ya bei ya pikipiki, atakuletea picha za migongo na mikia. Anayejua ataanza hata na kamera aliyoazima kwa shemeji yake.

Nimepiga picha uani kwangu hapa Entebbe kwa miaka mingi, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Sijawahi kulipwa hata senti. Nilichojifunza zaidi ya vyote ni kwamba ule usemi wetu wa "mgeni njoo, mwenyeji apone" katika shughuli hii unageuka juu chini. Mgeni, yaani ndege ambaye hujawahi kumwona, hukupa ushahidi tu: picha ya haraka, jani limemkata shingo, lakini unaionyesha kwa fahari kwa sababu ni yeye. Picha yenyewe hutoka kwa mwenyeji, yule unayemwona kila siku hadi umemchoka, kwa kuwa unajua atakachofanya kabla hajakifanya.

Na wenyeji tunao. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wageni huja kutoka Ulaya wakapanda mitumbwi kwenye kinamasi cha Mabamba kumtafuta korongo nyangumi. Waache waende. Wewe una kwarara wanaopiga kelele juu ya bati alfajiri, una hondohondo, una tumbili ukutani, una mjusi mwenye kichwa cha buluu anayepiga pushapu juu ya jiwe, una kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara, juu ya jalala. Anza na hao.

Jambo la kwanza la kuzoea ni jua letu. Tuko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe. Jua la hapa halitambai pembeni mwa anga, linapanda wima. Linachomoza kabla kidogo ya saa moja mwaka mzima, na ikifika saa tatu tayari liko juu, linatupa kivuli kizito chini ya jicho na tumbo la ndege. Kwa hiyo piga kati ya saa moja na saa tatu, kisha urudi saa kumi na moja jioni. Katikati hapo osha vyombo. Siku za mawingu mepesi ndizo zinazovunja kanuni hii: miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wingu jembamba huusambaza mwanga, na unaweza kupiga hadi adhuhuri bila wasiwasi. Watu wengi huificha kamera mvua ikianza. Mimi ndipo ninapoitoa, nikiwa chini ya baraza.

Kuna kitu kingine kuhusu jua ambacho hakuna aliyenieleza: mwezi Juni hupita upande wa kaskazini wa anga, Desemba upande wa kusini. Tawi lililokuwa na mwanga mzuri Juni linaweza kuwa kwenye kivuli cha nyumba Desemba. Kiti chako kitahama nalo.

Sasa chukua chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua. Kandokando ya ziwa tuna chozi kifua-chekundu, na dume lake huwakatisha tamaa wanaoanza: wanamwona kwa macho aking'aa, kwenye picha anatoka mweusi kama mkaa. Kamera haina kosa. Ule ukijani wa kichwani na mgongoni si rangi iliyopakwa kwenye manyoya. Ni umbo la manyoya linalourudisha mwanga, na linaurudisha kwa pembe fulani tu. Jua lazima liwe nyuma yako, na yeye awe amegeuza kichwa kuelekea kwako. Usimkimbize na lenzi ua hadi ua. Chagua ua moja la kifabakazi au la haibiskasi lililo kwenye mwanga, lenga hapo, usubiri. Atarudi, kwa sababu nekta hujaa tena, naye anajua hivyo kukuzidi. Mara nyingi haelei hewani. Hushika kikonyo akajinyoosha. Akishanywa huinua kichwa kutazama huku na huku, na hapo ndipo kijani huwaka. Bonyeza hapo, tena picha kadhaa mfululizo.

Lakini ukinipa ndege mmoja tu wa kujifunzia, nitamchagua kwera mweusi wa kichwa, yule wa njano mwenye jicho jekundu anayejaza minazi na michikichi viota. Watu humpuuza kwa kuwa ni mwingi na ana kelele. Mtazame wiki nzima bila kamera. Dume huanza na pete: hufunga ukanda wa jani kwenye kijiti, akauzungusha hadi ukawa duara linaloning'inia, kisha husimama ndani ya duara hilo na kusuka kulizunguka hadi mdomo wake unapofika. Nyenzo zake ni nyuzi anazozichana kwenye jani la mnazi au tete. Hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka, na uzito wake wenyewe ndio unaolichana. Hapo una picha mbili tayari: pete yenye ndege ndani, na ndege arukaye na utepe mrefu wa kijani mdomoni.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kiota kikiwa tayari na bado kibichi, dume humngoja jike. Jike likitua tu karibu, dume hujitupa chini ya mlango wa kiota, hukaa kichwa chini miguu juu, na kupiga mbawa kwa fujo huku akipiga kelele. Ukingoja uone mbawa ndipo ubonyeze, umechelewa. Mtazame jike. Jike likigusa tawi, kidole chako kiwe kimeshashuka nusu. Kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Ukitaka mbawa zisimame kabisa, 1/2000. Jike likikikataa kiota, nacho kikakauka na kuwa cha kahawia, dume hukibomoa mwenyewe kwa mdomo wake na kuanza upya. Hilo nalo lipige. Na ukimsikia kekeo akiita karibu na koloni, kaa macho, kwani hutaga kwenye viota vya kwera, nao humfukuza kwa kundi.

Haya yote yapo kwenye mti mmoja, na nimeona watu wakilipa safari ya hifadhi ya Murchison kabla hawajautazama.

Kuhusu mipangilio sitakaa sana. Kamera hudhani kila kitu duniani kina weusi na weupe wa wastani. Mbele ya yangeyange aliye juani na nyuma yake majani yenye giza, itamuunguza awe karatasi tupu bila unyoya hata mmoja. Punguza mwanga hatua moja. Mbele ya ndege mweusi aliye juu ya waya na anga nyeupe nyuma yake, itamfanya kivuli. Ongeza hatua moja, hata moja na nusu. Kunguru wetu mwenye shingo nyeupe na hondohondo wana rangi zote mbili, na kwao linda weupe kwanza, weusi utauinua baadaye kwenye kompyuta ukipiga faili ghafi (RAW). Usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200. Chengachenga zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Lenzi inayofika milimita 300 inatosha ukijua kukaa kimya. Dirisha lenye pazia ni maficho mazuri, na gari lililoegeshwa ni bora zaidi, maana ndege wengi humwogopa mtu aliyesimama kuliko gari. Adui wa lenzi hapa kwetu ni unyevu. Kando ya ziwa, lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati itaota kuvu, nyuzinyuzi nyeupe ndani ya kioo, na kuisafisha ni gharama. Weka vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na siku ile wadudu wa ziwani wanapopanda mawingu kwa mawingu kama moshi, usibadilishe lenzi nje. Wakishatua kwenye kamera wapulize, usiwafute, ukiwafuta wanapakaa.

Ndege huja palipo na chakula. Ukiwa na nafasi, chomeka kigingi cha mutuba, mti wa jamii ya mtini, kwenye ua, kitachipua chenyewe, na miaka ikipita tini zake zitakuletea zuwakulu, ninga na shorobo wa Ross, yule wa zambarau mwenye mdomo wa njano. Wekundu wa mbawa za shorobo huyo hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, na huonekana vizuri anaporuka tu, kwa hiyo mngoje achuchumae kabla hajaondoka. Kama huna nafasi ya mti, bakuli pana la maji lenye jiwe katikati linatosha, ilimradi ulibadilishe maji kila siku. Tumbili usiwape chochote. Akila ndizi mkononi mwako leo, kesho ataingia jikoni kwa jirani, na mawe yatakayorushwa yatampata yeye.

Kwenye kiota, usikate hata jani moja ili uone vizuri. Jani hilo ndilo linalowafichia makinda jua na macho ya kunguru. Usipige sauti za ndege kwenye simu ili waje. Dume anayepigana na spika ameacha kulisha watoto.

Halafu kuna majirani. Lenzi ndefu juu ya ukuta humtia mtu wasiwasi, na ana haki. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wako, jieleze, mwonyeshe picha chache. Habari itasambaa bila wewe kuisambaza. Hapa Entebbe tuna Ikulu, tuna uwanja wa ndege, na tuna kambi za jeshi. Hata kama mwewe ametua kwenye ukuta wao na mwanga ni wa dhahabu, mwache. Askari hatakuuliza aina ya ndege.

Picha zako zipe jina la tarehe, saa na mti, siyo "ndege mzuri 3". Kwa kumbukumbu hizo utajua mutuba wako huzaa lini na kwera huanza kusuka lini, na utakuwa na cha kuchangia kwenye eBird, daftari la mtandaoni la kumbukumbu za ndege, au kwa watu wa NatureUganda, chama cha uhifadhi, wanaoandaa siku ya kuhesabu ndege kila mwaka. Ila kasuku wa kijivu mtenge. Bado tunawaona Entebbe wakipita juu ya miti mikubwa, na ingawa biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa tangu uamuzi wa 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, shimo la mti wanamotaga kasuku bado ni mali kwa mwizi. Zima GPS ya simu unapompiga, usitaje mtaa wala mti, na picha ya makinda iende mtandaoni yakiwa yamesharuka.