Jibu: kani ya Lorentz inatoka kinyume

Habari mkuu wa Moshi, niko hapa jirani Arusha. Umesema ukikokotoa kani ya Lorentz (kani ya umeme na sumaku juu ya chaji q) unapata −qE badala ya +qE, E ikiwa uga wa umeme, ingawa tensa F (jedwali la vijenzi vya uga wa umeme na sumaku) umeinakili sawasawa. Vitabu vyako sijaviona, ila kagua kwanza metriki, yaani ishara ambazo kitabu kinaupa muda na nafasi. Kwa (+,−,−,−), Fⁱ⁰ = Eⁱ/c na chaji iliyotulia ina u₀ = c (u ni kasi yenye vijenzi vinne, c ni kasi ya mwanga). Kwa (−,+,+,+) vyote viwili vinageuka ishara, hivyo qFᵘᵛuᵥ inabaki qE.

Sasa angalia na sehemu ya sumaku ya kani hiyo. Umeme na sumaku zikigeuka pamoja, umechanganya ishara za vitabu viwili, au umepindua mpangilio wa fahirisi (alama ndogo za juu au chini) za F. Naliona sana hili kwa wanafunzi ninaowasaidia. Ikigeuka moja tu, hukushusha fahirisi ya u, yaani hukutumia metriki kutoka uᵛ kwenda uᵥ.

Tafadhali usibandike hasi mwishoni ili jibu likubali. Itakusumbua ukifika kwenye milinganyo ya Maxwell, ile ya msingi ya umeme na sumaku.