Mkataba wa Mwaka au wa Mwezi kwa Mwezi? Anza na Kipengele cha Notisi

Nimewahi kupanga nyumba kwa njia zote mbili, na kila nilipojuta, chanzo kilikuwa swali ambalo sikuliuliza kabla ya kutia saini: ni nani anaruhusiwa kuuvunja mkataba huu, na kwa notisi ya muda gani?

Mara ya kwanza nilitia saini mkataba wa miezi 12 bila wasiwasi, kwa kuwa ulinihakikishia kwamba kodi haitapanda na kwamba sitatolewa maadamu ninalipa na kuitunza nyumba. Mwezi wa 5 wa mkataba huo nikahamishwa kikazi. Nilipousoma upya ule mkataba, nikakuta hauna kipengele hata kimoja kinachomruhusu mpangaji kuondoka kabla ya wakati, kwa hiyo nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi 7 ya nyumba ambayo nisingeishi. Mwenye nyumba alinikubalia nimtafute mpangaji wa kunirithi, nami nikampata, lakini miezi 2 ambayo nyumba ilikaa tupu niliilipia mwenyewe. Tangu hapo naomba iandikwe kwamba, baada ya miezi 6, naweza kuondoka kwa notisi ya mwezi 1 au 2. Liombe hilo kabla ya kutia saini, wakati mwenye nyumba bado anakuhitaji.

Upangaji wa mwezi kwa mwezi ulinifaa nilipokuwa kwenye kazi ya majaribio. Hata hivyo, uhuru niliokuwa nao wa kuondoka, mwenye nyumba naye alikuwa nao wa kuniondoa. Asubuhi moja nikaokota karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango, imeandikwa tarehe 9, ikinitaka nihame mwisho wa mwezi huohuo. Mkataba wetu ulitaka notisi ya mwezi 1 kamili, unaohesabiwa kuanzia siku ya kulipa kodi. Nilimwandikia kwa heshima, nikamwambatanishia nakala ya kipengele hicho, naye akakubali nikae hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Siku hizo ziliniwezesha kutafuta nyumba bila kuikimbilia ya kwanza niliyoonyeshwa.

Kwa maoni yangu, mwenye watoto shuleni au kazi ya uhakika achukue mkataba wa muda maalumu, kama ule wa mwaka, hata kama utambana kidogo. Asiyejua atakuwa wapi baada ya miezi 4 apange kwa mwezi, hata ikibidi alipe kodi ya juu zaidi.

Wengi husahau siku mkataba unapokwisha. Ipo mikataba inayojihuisha yenyewe kwa mwaka mwingine usipotoa taarifa mapema, na ipo ambayo, ukiendelea kukaa na kodi ikapokewa, hugeuka kuwa ya mwezi kwa mwezi. Soma wako unasemaje, kisha weka alama kwenye kalenda miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, na taarifa yako itoe kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea.