Jirikiti letu limebaki uchi, tulikate?

SWALI: Habari dada. Mi niko Mukono, Uganda, nyuma ya nyumba tuko na jirikiti kubwa, ule mti wa maua mekundu, alilipanda mama mkwe, sasa tangu Krismasi linadondosha majani tu mpaka saa hii halina hata moja, mzee anasema limekufa na anatafuta mtu wa pawaso, ule msumeno wa mashine, alikate. Dada yangu anaishi Uingereza, picha za winta anazonitumia miti yote iko hivohivo, lakini kule ni baridi, hapa baridi iko wapi? – Mama watoto

JIBU: Mama watoto, mwambie mzee asubiri kwanza, tafadhali sana! Jirikiti kukosa majani mwezi wa 1 ni kawaida yake. Kule Uingereza mti unafuata mchana, mchana ukianza kuwa mfupi unajua baridi inakuja basi unaachia majani mapema. Sisi tuko kwenye ikweta, mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima, kinachobadilika kwetu ni mvua, na Disemba mpaka Februari jua linabana na majani ndo yanapoteza maji mengi, kwa hiyo mti unayaacha yaende. Hata mvule unafanya hivo.

Chukua tawi jembamba, sio shina maana gome lake ni nene na lina miiba, kwaruza kidogo na kucha. Chini kukiwa kijani na unyevu, mti ni mzima. Kukiwa kahawia na kukavu, jaribu tawi lingine, tena lingine, kwa sababu tawi moja linaweza kufa na mti ukabaki. Halafu angalia ncha za matawi kila wiki, piga picha ukisimama palepale, maana jirikiti mara nyingi linatoa maua kabla ya majani, mekundu kama moto, na ndege chozi wanakuja kunyonya asali yake. Mi naona hakuna kitu kizuri kwenye kompaundi kushinda hicho na inaniuma sana watu wakikata mti wiki chache kabla haujachanua.

Na ukiwa hapo angalia na mingine. Mwembe haumwagi majani yote, jua hilohilo ndo linausaidia kutoa maua. Matoke saa sita mchana inakunja majani pande mbili yaninginie, isipoteze maji, jioni inayafungua. Kahawa nayo inangoja, mvua nzuri ikinyesha baada ya ukame, kama wiki moja hivi unaamka kote ni maua meupe na harufu tamu.

Mvua za Machi na Aprili zikipita na bado hamna kijani popote, hapo ndo muite fundi. Tawi kavu lililo juu ya paa liondoeni sasa, hilo halingoji. Na zile mbegu nyekundu watoto wasiweke mdomoni, zina sumu.