Mwalimu wa sanaa, futa hicho chungu ubaoni

Mwalimu mwenzangu, ukichora chungu ubaoni ili darasa zima likinakili, utakusanya vyungu sitini vinavyofanana. Hapo unasahihisha nini, kama si mkono wako mwenyewe?

Kuna walimu huko Massachusetts, Marekani, waliojenga ufundishaji unaomwachia mwanafunzi aamue: mtoto ndiye msanii, chumba cha sanaa ni karakana yake. Nimeujaribu hapa Dar na unawezekana, ila usifungue kila kitu siku moja, utajuta. Anza na kuchora tu. Wakishazoea penseli zinakaa wapi na nani anazikusanya, fungua meza ya kukata na kubandika, kisha udongo. Rangi za maji ziwe za mwisho, baada ya kila mtoto kujua ndoo iko wapi na tambara liko wapi.

Kipindi kikianza, onyesha jambo moja kwa dakika tano, halafu nyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu, sisi walimu tunajijua.) Dakika kumi za mwisho ni za usafi.

Vifaa? Fundi cherehani wa mtaani atakupa vipande vya vitenge, muuza duka maboksi, na gundi utapika kwa unga wa ngano. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, kwa hadibodi na rangi za baiskeli.

Kazi kubwa ni yule anayeuliza, "Mwalimu, nichore nini?" Usimtajie kitu. Mwulize maswali. Darasa la tano nilikuwa na kijana ambaye kila kipindi ni bendera tu. Nikamwuliza leo amekujaje shule. Kwa daladala la Mbagala. Ndani kulikuwa na nani? Akaanza kutaja: konda anayewafukuza wanafunzi mlangoni, mama mwenye ndoo ya samaki, mzee aliyesinzia. Akaenda mwenyewe kwenye maboksi, akakata madirisha, akawashindilia abiria wa vitenge mpaka mikono ikatokeza nje. Ndoo ya samaki aliitengeneza kwa kizibo cha soda.

Mkuu wa shule akiuliza habari za maksi, kila mtoto aandike nyuma ya kazi yake: nilitaka kufanya nini, na wapi palinishinda. Mimi husahihisha kwa kulinganisha maelezo hayo na kazi yenyewe. Na wazazi waambie mapema walete fulana kuukuu, kabla rangi haijafika kwenye shati la shule.