Nani Aliingia Ndani ya Nyota Akapima?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Toleo lililopita uligusia kwamba kuna nyota ambayo kasi ya kuzunguka kwa kiini chake inajulikana. Mimi ni fundi redio, mawimbi nayaelewa, lakini hili limenishinda. Nyota ni nukta tu hata ukitumia darubini. Nani aliingia ndani akapima?
– Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, fundi. Hakuna aliyeingia, na wewe nusu ya jibu unalo tayari: ni mawimbi.

Kumetameta unakokuona usiku tukuache. Hiyo ni hewa yetu. Nasema nyota yenyewe kutetema: gesi inavimba na kunywea, mwanga unapanda na kushuka kidogo mno. Nyota moja hubeba mitetemo mingi kwa wakati mmoja, kila mmoja na masafa yake, yaani idadi ya kutetema kwa muda fulani. Mingine huishia karibu na uso, mingine huzama hadi jirani na kiini.

Nyota ikijizungusha, wimbi linalofuata mzunguko na linaloupinga ni kama mashua mbili mkondoni: moja inasukumwa, nyingine inacheleweshwa. Basi pale ulipotegemea masafa mamoja unakuta matatu au matano, yamepishana karibu sawasawa. Pima mpishano huo, umepata kasi. Mitetemo ya juu inakupa ya uso, ya ndani inakupa ya kiini.

Nyota niliyoigusia ni KIC 11145123, jina la nambari tu kutoka orodha ya nyota. Inajizungusha mara moja tu kwa siku kama 100, kwa hiyo masafa yake yamebanana vibaya. Fundi, unajua mwenyewe: kutenganisha masafa yaliyobanana hivyo lazima usikilize muda mrefu. Huku duniani kila kukicha jua linakukatiza. Darubini ya Kepler, iliyorushwa na Marekani mwaka 2009, iliikodolea macho sehemu ileile ya anga kwa miaka 4. Mwaka 2014 mwanaastronomia Don Kurtz na wenzake wakatoa hesabu: nyota nzima inazunguka karibu kwa kasi moja, na uso unakitangulia kiini kidogo. Kichekesho, maana kiini ndicho hunywea nyota inapozeeka, na kinachonywea huongeza kasi. Ndivyo ilivyoonekana mwaka 2012 kwenye majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba: viini vyao vinazunguka kwa kasi angalau mara 10 ya nyuso. Wapo wanaohisi kwamba hii yetu ilipokea gesi kutoka kwa nyota jirani, ikauongezea uso kasi. Mimi naliona wazo hilo lina mashiko.

Mwaka 2016 mwanaastronomia Laurent Gizon na wenzake wakaenda mbali zaidi. Kwa mitetemo hiyohiyo walipata kwamba nusu kipenyo ya nyota hiyo kwenye ikweta inaizidi ya kwenye ncha kwa kilomita 3 hivi, ilhali nusu kipenyo yenyewe ni kilomita milioni 1.5. Dunia yetu ndogo imevimba kilomita 21!

Nyota hiyo huwezi kuiona kwa macho. Lakini mwezi wa tisa, saa tatu usiku, tazama karibu na utosini, kaskazini kidogo, utaiona nyota angavu iitwayo Altair. Nayo inatetema, ila inajizungusha kwa chini ya saa 10, na kiuno chake kimetanuka zaidi ya asilimia 20 kuliko ncha zake.